Nta Ndani ya Mti

Mwezi uliopita tulimzika Mjomba Kyalo kule Kitui, na katika wasifu uliosomwa kando ya kaburi, mwaka ninaotaka kuuandika hapa ulipewa sentensi moja tu: kwamba marehemu aliumia mkono akiwa kazini Nairobi na baadaye, kwa neema ya Mungu, akarudia uchongaji. Msomaji akavuta pumzi, akaendelea na majina ya watoto na wajukuu. Sikukasirika. Wasifu lazima uishe kabla jua halijapanda, na neema ya Mungu siwezi kuikana. Lakini nilisimama pale kati ya wanawake, mtu mzima mwenye miwani na watoto wa kwangu, nikawa nasikia harufu ya nta ya nyuki inayoyeyuka ndani ya mkebe, harufu ambayo hakuna mtu mwingine pale aliyekuwa akiisikia. Kati ya kuumia na kurudia kulikuwa na miezi mingi, na mimi nilikuwa ndani yake, kidato cha tatu, soksi zimeshuka, nikishika ubao kwa magoti ili mjomba apige patasi.

Tulikaa Kaloleni, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoshiriki ukuta na ya Bi Rukia, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa na duka dogo dirishani pake. Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Tuliijua redio yake na yeye alijua ugomvi wetu. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hivyo nyumba kwa kawaida ilikuwa ya mama, kaka yangu Mutua na mimi, mpaka mjomba alipotoka hospitali mwanzo wa mwaka akapewa kochi la sebuleni. Tezo, shoka dogo la kuchongea, ilikuwa imemteleza kwenye karakana ya wachongaji huko Gikomba ikamkata kiganja cha kulia. Kidonda kilipona vizuri, daktari alijisifu, ila vidole havikukunjika tena. Vilikaa vimenyooka kama vya mtu anayekataa kitu kwa adabu. Sebule ile naikumbuka kwa kochi lile: vitambaa vyeupe alivyofuma mama, na katikati yake mtu mkubwa aliyekaa kwenye ukingo, kama mgeni anayengoja kuambiwa aende.

Mimi nilikuwa msichana wa aina ambayo walimu huandika kwenye ripoti kwamba ajaribu kuzungumza. Darasani nililijua jibu nikalikalia. Nyumbani niliandika kwenye daftari yale waliyoyasema wengine, kwa sababu ya kwangu hayakutoka. Mjomba ndiye peke yake niliyeongea naye bila moyo kudunda. Aliuliza maswali yasiyo ya wakubwa. "Leo ni nani amekuudhi?" alikuwa akisema nikiingia na mkoba wangu, na nikimwambia, alifikiri kwanza kabla ya kujibu, kisha akasema labda, "Huyo mwalimu ana njaa. Mtu akiwa na njaa saa nne, watoto wa watu wanaumia."

Likizo ya Aprili alikuja kaka yao mkubwa, Mjomba Nthenge, kutoka nyumbani. Nilikuwa jikoni nachambua maharagwe na mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikula muthokoi wote, akanawa mikono, ndipo akasema lililomleta. "Kyalo atarudi nyumbani. Shule zikifungwa Desemba nitakuja kumchukua. Ataangalia mbuzi, mke wangu atampikia. Mtu wa mkono mmoja anatafuta nini Nairobi?"

"Ni sawa, kaka," mama akasema.

"Kyalo?"

"Ni sawa," mjomba akasema.

Haikuwa sawa. Kwao mdogo hapingi neno la mkubwa, hata akiwa na mvi. Ananyamaza, anakubali, halafu anaishi na kile alichokikubali. Nilimwona kupitia ule ufa wa mlango akiutazama mkono wake juu ya goti kama mzigo alioachiwa na mtu mwingine. Siku hizo wachongaji wenzake walikuwa wameacha kuja kumsalimia. Nilijua kwamba akienda kuchunga mbuzi wa kaka yake, akalishwa na shemeji yake, hatachonga tena kitu chochote duniani. Nami ningebaki na daftari langu. Wakati ule sikuweza kusema ni lipi kati ya hayo mawili liliniuma zaidi, na leo bado siwezi.

Nta ilianza na asali. Nyanya alikuwa akitutumia masega kwa basi, yamesongwa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na mama alikuwa akikamua asali na kuyatupa makapi. Mwaka ule stima zilipotea kila wakati. Unakuwa katikati ya hesabu na mtaa mzima unaguna kwa pamoja, kisha unasikia Bi Rukia upande wa pili, "Haya, wameichukua tena." Jioni moja ya giza nilichukua donge la makapi yale, nikatia uzi katikati, nikawasha. Lilitoa mwanga wa dhahabu kwa muda mfupi likazimika kwa uchafu. Mjomba alikuwa ameliangalia muda wote huo.

"Hiyo haijachujwa," akasema. "Kule karakana tunaichemsha na maji. Tunapakia kwenye sanamu ing'are."

Lilikuwa neno lake la kwanza kuhusu karakana tangu atoke hospitali. Jumamosi iliyofuata tulichemsha. Masega ndani ya sufuria ya maji, kisha yote kupitia gunia la zamani, tukikamua mimi huku na yeye kule kwa mkono mzima, na yakipoa nta inaelea juu na kuganda kama sahani ya manjano. Chini yake kunabaki uchafu unaokwangua kwa kisu. Kuyeyusha tena ilikuwa ndani ya mkebe uliowekwa kwenye maji moto, kamwe si juu ya makaa yenyewe; hilo mjomba alilisema mara nyingi mpaka Mutua akaanza kumwiga. Utambi tulisuka kwa nyuzi za pamba. Lililobaki lilikuwa umbo.

Makosa yetu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha, ingawa wakati ule niliona aibu kana kwamba taifa zima linatutazama. Tulimimina kwenye kipande cha bomba la maji, nta ikang'ang'ania humo mpaka tukalivunja. Kisha, kwa kuwa nta ilikuwa kidogo, Mutua alipendekeza tuongeze mafuta ya ng'ombe. Alitumwa soko la Burma, kwa wauza nyama, akarudi na mfuko wa mafuta wa bure. Mshumaa ulitoka laini, wa kijivu, umeinama pembeni kama utumbo uliojazwa nyama.

"Uncle," Mutua akasema akiuzungusha, "hii ni mshumaa ama ni mutura?"

Tuliuwasha hivyo hivyo. Haukupita muda Bi Rukia akagonga ukuta. "Mama Mutua, mnachoma kichwa cha mbuzi na hamkaribishi jirani?"

"Ni mshumaa, Bi Rukia," mama akajibu.

"Mshumaa? Basi nileteeni na kachumbari yake."

Mjomba alicheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kirefu, lakini mama alisimama na kijiko mkononi, akamtazama, kisha akageuka haraka kana kwamba sufuria imemwita. Nafikiri tangu siku ile hakulalamika tena kuhusu jiko lake lililochafuka nta.

Ni yeye mjomba aliyesema tuache mabomba, tutumie mti. Mbao zikilowekwa maji usiku kucha, nta haizishiki, alisema. Hilo alilijua kutokana na kubahatisha kwake mwenyewe ujanani. Alinituma kwa jamaa mmoja wa Kariobangi anayetengeneza vitanda nimwombe kipande cha gogo. Njia nzima nilirudia sentensi moja kichwani, "Nimetumwa na Kyalo mchongaji." Nilipofika ilitoka kwa sauti ya panya, lakini ilitoka, na nikarudi na gogo kwenye kiondo cha mama.

Basi akaanza kuchonga kwa mkono wa kushoto. Sitaki kulipamba. Ilikuwa vibaya kuangalia. Patasi iliruka, ilichimba pasipotakiwa, na mara nyingine aliiweka chini akatoka nje akasimama kwenye bomba la maji la mtaa kama mtu aliyekwenda kuchota bila ndoo. Mimi nilikaa sakafuni, gogo kati ya magoti yangu, nikilizungusha aliponiambia. Tuliongea sana siku zile, kwa sababu ni rahisi kuongea na mtu anayeangalia mikono yake. Nilimwambia kuhusu wasichana walioniita bubu. Aliniambia kuhusu mti: kwamba mchongaji anaondoa kile ambacho si twiga, mpaka twiga anabaki. "Lakini hapa," akasema, akipuliza vumbi kutoka kwenye shimo, "inabidi nimtoe twiga mwenyewe, niache pale alipokuwa. Sijawahi kufanya kazi ya ujinga namna hii." Nilijua anafurahi.

Hakuchonga twiga. Alichonga safu ya kanga, wale ndege wenye madoa, wakizunguka kitako cha mshumaa, vichwa vimeinama wakidonoa. Kwa kuwa shimo halionyeshi kilichomo, alibuni njia ya kulitazama: alichukua ugali uliolala, akaukanda, akaubana ndani, kisha akautoa polepole. Ndipo ndege walionekana, wa mahindi, wengine hawana midomo. Mama aliporudi kutoka kazini alikuta kiporo cha familia kimepangwa kwenye dirisha kikiwa na mabawa.

"Kyalo, huo ulikuwa ugali wa asubuhi."

"Bado unaliwa, dada."

"Kula wewe kwanza."

Akala, akianzia kichwa. Mutua akadai paja.

Ugali hukubali kubanwa na kuvutwa, na hapo ndipo tulipodanganyika. Nta haina huruma hiyo. Tulipomimina mara ya kwanza, tukangoja ipoe, tukaongeza kidogo pale katikati ilipobonyea kama inavyobonyea siku zote, kisha tukavuta utambi, hakuna kilichosogea. Mjomba akapindua gogo akaligonga. Tukalitia maji baridi. Tukalikalia mimi na Mutua. Wale kanga walikuwa wamejishika ndani ya mti kwa migongo yao, kwa sababu alikuwa amewachonga kama mchongaji anavyochonga, wakitokeza kila upande, na gogo lilikuwa na mdomo mmoja tu wa kutokea. Kazi ya majuma mengi, na ndani yake nta yote tuliyokuwa nayo.

"Tuupasue," nikasema.

Mjomba alinitazama kama niliyetukana. Kule karakana, alinieleza baadaye, mti ukipasuka kazi imekufa. Haijalishi umeupigia jasho kiasi gani. Ukisikia ule mlio, unauweka kando na jioni muuza chai anakuja kuuchukua awashie jiko. Wengine huficha ufa kwa nta na vumbi la mbao, lakini mwenye jina lake hafanyi hivyo. Alikaa na gogo mapajani alasiri nzima. Mama alikuwa anapiga pasi, Bi Rukia upande wa pili alikuwa anahesabia mteja chenji kwa sauti. Nilianza kuona aibu kwa neno langu, nikajiambia ndiyo maana watu wenye akili hunyamaza.

Kisha akasema, "Leta msumeno wa baba yako."

Tuliukata kwa urefu, kutoka mdomoni hadi kitakoni. Yeye alishika upande mmoja wa msumeno kwa kushoto, mimi upande wa pili, na mama akaacha pasi akaja kulishika gogo bila kuitwa. Ilisikika sauti ya msumeno tu, mbao kisha nta kisha mbao, na unga wa njano ukidondoka juu ya magazeti. Lilipofunguka, mshumaa ulikuwa umekatwa katikati nao, umeharibika, lakini kila nusu ya gogo ilikaa pale mkononi mwake ikiwa wazi kama kitabu, na nta ikatoka kwa kidole kimoja. Ndege wote walikuwepo, na midomo yao. Hata alama ndogo za patasi, zile ambazo mkono wa kushoto ulitetemeka, zilikuwa zimechapwa kwenye nta kama manyoya.

Mjomba aliziangalia zile alama muda mrefu. "Mkono wa kulia haungeweza hii," akasema. "Ule ulikuwa unapita sawa sana."

Tulizifunga zile nusu mbili pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, tukaziba ufa kwa unga wa chapati uliokandwa, tukamimina tena. Tangu hapo kalibu zetu zote, yaani yale maumbo matupu ya kumiminia, zilipasuliwa kwanza ndipo zikachongwa. Bi Rukia aliuweka wa kwanza dirishani pake, akakataa kuuwasha. "Mwanangu Mwende," aliniita, "ukiwasha kitu kama hiki unajiona mwizi. Tengenezeni wa kuwasha na wa kuangalia." Tukatengeneza vyote. Wamama wa kanisa la mama walisikia habari zake, wakaja kutazama, wakataka ya Krismasi. Nta ikawa inakuja kwa kila basi, nyanya akishangaa ni ugonjwa gani umewapata wajukuu zake. Na mjomba akaacha kukaa kwenye ukingo wa kochi. Hilo sikuliandika kwenye daftari siku ile kwa sababu sikuliona likitokea; nilikuja tu kugundua kwamba kitambaa cheupe cha mgongo wa kochi kimechakaa kwa kuegemewa.

Lakini Desemba ni Desemba. Mjomba Nthenge alifika Jumapili, kofia mkononi, na tayari mama alikuwa amefua nguo za mjomba Kyalo, amezikunja na kuzifunga ndani ya leso, furushi liko kando ya mlango. Nilimchukia mama kwa furushi lile. Leo nami nimekuwa dada mtu mzima, na najua kwamba alilifunga akilia. Mezani kulikuwa na nusu mbili za kalibu mpya, hazijamalizwa, na mzee akazisogeza apate pa kuweka kofia bila kuuliza ni nini. Wakaongea habari za mvua. Kisha akasema basi linaondoka mchana, kwa hivyo wasikawie.

"Ni sawa," mjomba Kyalo akasema.

Nilikuwa nimesimama na sinia ya chai. Ninaandika haya nikijaribu kukumbuka kama niliamua. Sidhani. Vikombe vilianza kulia kwenye sinia, vikigongana, na nikajua kwamba ni mikono yangu, na kwamba kila mtu anavisikia, kwa hivyo tayari nilikuwa nimeshasema kitu.

"Hamjamuuliza," nikasema.

Mzee akageuka. Nafikiri hakuwahi kuisikia sauti yangu zaidi ya salamu. "Nani ameulizwa nini?"

"Mjomba. Mmemwambia. Hamjamuuliza."

Upande wa pili wa ukuta redio ya Bi Rukia ilipunguzwa mpaka ikazimika kabisa. Mama alisema "Mwende," lakini si kwa ile sauti ya kunituma jikoni. Mjomba Nthenge alinitazama, akatazama sinia, akachukua kikombe chake kabla hakijaanguka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kubeba watu, na hakuna aliyewahi kumwambia ashushe. Akanywa kidogo.

"Haya," akamwambia mdogo wake. "Mtoto anasema sijakuuliza. Nakuuliza. Unataka nini?"

Nilimwogopa mjomba wakati ule kuliko nilivyomwogopa mzee. Niliogopa atasema ni sawa. Alisugua vidole vyake vilivyonyooka kwa kiganja cha pili, akaitazama ile kalibu iliyosukumwa pembeni.

"Nataka mti," akasema.

"Mti gani?"

"Mukau. Mkavu, usio na fundo. Uwe mnene wa kupasuliwa."

Mzee alitazama nje ya mlango kama mtu anayepima umbali. "Nyuma ya zizi langu uko mmoja ulioanguka," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali lolote. "Lakini kondakta hatakubali gogo refu."

"Likatwe fupi, kaka."

"Litakatwa fupi," mzee akasema, akanyoosha mkono akaichukua nusu moja ya kalibu, akaingiza kidole gumba ndani yake, akaanza kuwapapasa wale ndege mmoja mmoja.

Mama aliinuka, akachuchumaa kando ya mlango, akafungua fundo la leso, akaanza kuyatoa mashati na kuyatundika kwenye misumari yake ukutani.

"La bluu liache," mjomba akamwambia. "Nalivaa kesho kwa kazi."